Kinyozi hajinyoi: Jinsi wabunge wa jimbo la Washington walivyobanwa na sheria ya rekodi za umma

IJUMAA ya Februari 23, 2018, Bunge la jimbo la Washington nchini Marekani lilifanya kwa dakika chache kazi ambayo aghalabu huwachukua waheshimiwa wiki nyingi, kama si miezi. Katika muda usiozidi nusu saa, Seneti ilipitisha mswada kwa kura 41 dhidi ya saba, na Bunge la Wawakilishi likauidhinisha kwa kura 83 dhidi ya 14. Mswada huo ulikuwa umewasilishwa siku mbili tu zilizotangulia. Hakukuwa na kikao rasmi cha kusikiliza maoni ya wananchi, na mjadala ukumbini ulikuwa haba mno.

Haraka hiyo haikutokana na vita, njaa wala mafuriko. Wabunge walikuwa wakijitoa wao wenyewe katika Sheria ya Rekodi za Umma, ile ile ambayo ilikuwa ikiwabana gavana, mameya, wakuu wa polisi, bodi za shule na hata vituo vidogo vya wazimamoto mashambani.

Kisa hiki kimekuwa mfano unaorejelewa mara kwa mara na wanaotetea haki ya raia kujua yanayotendeka katika ofisi za wale waliowachagua. Kina mafunzo kwa taifa lolote lenye sheria ya aina hiyo, Kenya ikiwemo, kwa sababu kinaonyesha kwamba sheria nzuri iliyoandikwa vitabuni ni nusu tu ya safari.

Jimbo linalozungumziwa hapa lisichanganywe na jiji kuu la Marekani, Washington, D.C. Hili ni jimbo la kaskazini magharibi, kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki, lenye jiji la Seattle na makao ya serikali katika mji wa Olympia. Bunge lake lina maseneta 49 na wawakilishi 98, jumla yao 147. Kama majimbo mengine yote 49, lina katiba yake, mahakama zake na sheria zake, na hizo ndizo zinazoamua ni nini mwananchi anaweza kudai kukiona.

SHERIA ILIYOTUNGWA NA RAIA

Ajabu ya kwanza ni kwamba sheria hii haikutungwa na wabunge. Katiba ya jimbo la Washington huwaruhusu wananchi kukusanya saini, kuandika mswada wao wenyewe na kuupeleka moja kwa moja debeni. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 7, 1972, wapigakura walipoidhinisha Mswada wa Raia Nambari 276 kwa takriban asilimia 72 ya kura.

Huo ulikuwa mwaka wa Watergate, lakini wizi uliofanyika Juni mwaka huo katika ofisi za chama cha Democratic ulikuwa bado haujageuka kuwa kashfa ya kumng'oa Rais Richard Nixon. Kwa hivyo haiwezi kusemwa kwamba raia wa Washington walisukumwa na hasira za Watergate. Walikuwa na malalamiko yao ya nyumbani: fedha za kampeni zilizotolewa gizani, na mawakala wa makampuni waliokuwa wakiingia na kutoka katika ofisi za Olympia bila mtu kujua walichozungumza wala walichoacha nyuma. Miongoni mwa waliopigania mageuzi hayo alikuwa Jolene Unsoeld, mwanaharakati aliyejulikana kwa kuorodhesha nani amempa mwanasiasa gani pesa ngapi, na ambaye baadaye mwenyewe alichaguliwa katika Bunge la kitaifa la Marekani.

Mswada huo uliunganisha mambo ambayo nchi nyingi huyatenganisha. Uliwataka wagombea watangaze michango yao, mawakala wa kushawishi wabunge wajisajili, na maafisa waliochaguliwa watangaze mali zao. Kisha ukaongeza kwamba rekodi za ofisi za umma ni za umma, na kwamba kila ofisi itazitoa zinapoitishwa isipokuwa kama kuna kifungu mahususi kinachozuia. Tume ikaundwa kusimamia sehemu ya fedha za siasa.

Namna sheria inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mwombaji hahitaji kusema anataka rekodi kwa nini. Ofisi inapaswa kumjibu kwa siku tano za kazi, ama kwa kumpa anachotaka, ama kumwambia itamchukua muda gani, ama kumkatalia na kutaja kifungu cha kukatalia. Akinyimwa bila haki, anaweza kwenda mahakamani, na ofisi ikishindwa itamlipa gharama za mawakili pamoja na faini inayoweza kufika dola 100 kwa siku. Faini hiyo ndiyo meno ya sheria. Miji midogo imejifunza kwa uchungu kwamba kuficha karatasi moja kwa miaka miwili kunaweza kugharimu zaidi ya kuajiri karani wa kuitafuta.

Sheria nayo imetobolewa matundu. Mwaka 1972 ilikuwa na vizuizi 10 tu vya kutoa rekodi. Kufikia miaka ya 2010 vizuizi hivyo vilikuwa vimepita 500, karibu vyote vikiongezwa na Bunge kimoja kimoja, mwaka baada ya mwaka. Vingine vina maana, mathalan vile vinavyolinda anwani za watu waliotoroka vipigo nyumbani. Vingine vilipenyezwa na makundi yenye maslahi yake. Mwaka 2007 iliundwa kamati ya kuvipitia na kupendekeza vinavyofaa kufutwa, lakini kufuta huhitaji kura za wale wale waliovitunga.

TUNDU LA 1995

Tundu kubwa kuliko yote, angalau kwa maoni ya wabunge, lilitobolewa mwaka 1995. Mwaka huo Bunge lilirekebisha maana ya "rekodi ya umma" kuhusiana na Bunge lenyewe. Rekodi za afisi ya Katibu wa Seneti na za Karani Mkuu wa Bunge la Wawakilishi zikawekwa katika orodha fupi: bajeti, mambo ya wafanyakazi, ripoti na mengine machache ya kiutawala.

Je, mbunge mmoja mmoja? Marekebisho hayo hayakusema wazi. Mawakili wa Bunge wakalisoma pengo hilo kuwa ruhusa. Kwa zaidi ya miaka 20, mwandishi aliyeitisha baruapepe au kalenda ya mbunge alijibiwa kwa upole kwamba wabunge hawamo katika sheria hiyo. Wapo waliotoa kwa hiari, lakini hiari si haki.

Msomaji anaweza kuuliza: kalenda ya mbunge ina siri gani? Jibu ni kwamba kura ya mbunge huonekana na kila mtu, na hotuba yake husikika hadharani. Kisichoonekana ni kilichotokea kabla ya kura. Kalenda huonyesha ni nani alikaa naye Jumatatu asubuhi, na kama Jumatano mbunge huyo aliondoa kifungu fulani katika mswada. Arafa huonyesha kama maneno ya kifungu kipya yaliandikwa na mbunge au na wakala wa kampuni. Barua za malalamiko huonyesha kama mfanyakazi wa ofisi alidhulumiwa, na kama wakubwa walijua wakanyamaza.

Mwaka 2017 waandishi kadhaa waliitisha rekodi za aina hizo: kalenda, arafa, baruapepe na taarifa za malalamiko ya mienendo mibaya, ikiwemo dhuluma za kimapenzi. Ikumbukwe kwamba mwaka huo uliishia kwa wimbi la wanawake waliojitokeza kote Marekani kusimulia walivyodhulumiwa na wakubwa wao, na mabunge ya majimbo hayakuachwa nje. Jibu la Olympia lilikuwa lile la siku zote.

Septemba 2017, mashirika 10 ya habari yakiongozwa na shirika la Associated Press, yakiwemo The Seattle Times na The Spokesman-Review, yalifungua kesi katika mahakama ya kaunti ya Thurston. Januari 19, 2018, Jaji Chris Lanese aliamua kwamba mabunge yenyewe kama taasisi hayabanwi kwa kiwango sawa na idara nyingine, lakini ofisi ya kila mbunge ni ofisi ya serikali kama nyingine yoyote, na kwa hivyo lazima itoe rekodi zake. Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati huo, Bob Ferguson, ambaye tangu Januari 2025 ndiye gavana, alikuwa amewasilisha kortini maoni yaliyoelekea upande huo huo.

SAA 48

Wabunge walikata rufaa, kama ilivyo haki ya kila aliyeshindwa. Lakini hawakungoja. Wiki tano baadaye ndipo ulipozuka Mswada wa Seneti Nambari 6617, uliodhaminiwa kwa pamoja na kiongozi wa wengi, Sharon Nelson wa Democratic, na kiongozi wa wachache, Mark Schoesler wa Republican. Katika nchi ambayo vyama hivyo viwili havikubaliani hata kuhusu hali ya hewa, umoja huo ulikuwa wa kustaajabisha.

Ukweli ni kwamba mswada haukuwa mtupu kabisa. Ulikuwa ukikubali kwamba kuanzia Julai 2018 wabunge watoe kalenda zao na mawasiliano yao na mawakala wa kushawishi. Wateteao waliuita hatua ya mbele, wakisema kabla yake mwananchi hakuwa akipata hata hicho. Walisema pia kwamba mwananchi anayemwandikia mbunge wake kuhusu ugonjwa wa mtoto au deni la nyumba hastahili kuona barua yake gazetini. Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa, na itarejelewa.

Lakini kulikuwa na vifungu vitatu vilivyoufichua mswada. Kwanza, ungefanya kazi kwa kurudi nyuma, yaani rekodi zilizokuwa zikipiganiwa mahakamani zingezimwa. Pili, aliyenyimwa rekodi asingeweza kwenda kortini. Angepeleka malalamiko yake kwa kamati ya wabunge wenyewe, ambayo uamuzi wake ungekuwa wa mwisho. Tatu, ulitangazwa kuwa wa dharura. Tamko hilo huufanya mswada kuwa sheria papo hapo na kuwanyima raia nafasi ya kukusanya saini ili kuupeleka debeni, njia inayofanana na ile waliyoitumia mwaka 1972.

Isitoshe, kura zilizopigwa zilizidi theluthi mbili katika mabunge yote mawili. Hesabu hiyo ilikuwa na maana: hata gavana akikataa kutia saini, wabunge walikuwa na idadi ya kumpiku.

Jumanne iliyofuata, Februari 27, zaidi ya magazeti 10 ya jimbo yalichapisha tahariri katika ukurasa wa kwanza yakimtaka Gavana Jay Inslee aukatae mswada. Wanaofanya kazi katika vyumba vya habari wanajua uzito wa hatua hiyo, maana tahariri makao yake ni kurasa za ndani, na mhariri hutoa ukurasa wa mbele kwa maoni kwa nadra sana. Maelfu ya wananchi walipiga simu na kuandika barua na baruapepe. Wabunge ambao Ijumaa walikuwa wamepiga kura ya ndiyo walianza kuomba radhi hadharani, na wengine wakamwandikia gavana wakimsihi aizuie sheria waliyoipitisha wao wenyewe siku chache awali.

Machi 1, 2018, Gavana Inslee alikataa kuutia saini. Yalikuwepo makubaliano: wabunge hawangejaribu kumpiku, mashirika ya habari yangekubali utekelezaji wa uamuzi wa Jaji Lanese usimamishwe rufaa ikiendelea, na kikosi kazi chenye wabunge na wanahabari kingeundwa kutafuta njia ya kati.

Kikosi kilikutana, kikazungumza, na mwaka 2019 ukaletwa mswada mwingine. Nao ulipofika mbele ya kamati ulipingwa na watetezi wa uwazi kwa kuwa ungeficha majadiliano ya ndani ya wabunge kwa upana kuliko idara nyingine yoyote. Ukafia hapo.

MAJAJI WASOMA TAFSIRI YA NENO

Desemba 19, 2019, Mahakama ya Juu ya jimbo ilitoa uamuzi. Majaji saba dhidi ya wawili walisema ofisi za wabunge binafsi zinabanwa na Sheria ya Rekodi za Umma.

Waliotarajia hotuba nzito kuhusu demokrasia huenda walivunjika moyo, maana kesi iliamuliwa kwa maana ya maneno mawili. Sheria inasema inahusu kila "ofisi ya jimbo". Ofisi ya jimbo ni ipi? Katika sheria ya fedha za kampeni, ambayo ni pacha wa sheria ya rekodi kwa kuwa zote mbili zilizaliwa na mswada wa 1972, neno hilo limefafanuliwa, na ufafanuzi wake unataja ofisi ya mbunge wa jimbo. Mawakili wa Bunge walidai kwamba marekebisho ya baadaye yalikata kitovu kati ya mapacha hao. Jaji Susan Owens, aliyeandika maoni makuu, hakukubali. Kama wabunge walitaka kujiondoa, walipaswa kusema hivyo kwa maneno dhahiri, na hawakusema.

Hata hivyo ushindi haukuwa kamili. Mahakama ilikubaliana na jaji wa chini kwamba Bunge la Wawakilishi na Seneti kama taasisi haziwajibiki kwa upana huo, bali hutoa rekodi kupitia Karani Mkuu na Katibu, na ni zile tu zilizo katika orodha ya 1995. Mwandishi anayetafuta faili lazima kwanza ajue imekaa kwa nani.

Kuhusu hofu ya barua za wananchi, ni vyema kukumbuka kwamba diwani wa mji na gavana hupokea barua za aina hiyo kila siku na wamekuwa wakiishi na sheria hii tangu miaka ya 1970. Vipo vizuizi vya kulinda habari za afya na nyinginezo za faragha, na karani hufuta mistari inayohusika kabla ya kutoa nakala. Hata hivyo si kila siri ya mtu imo katika orodha, na anayemwandikia mbunge wake hana budi kujua kwamba anaiandikia serikali.

MLANGO WA NYUMA

Wengi walidhani mambo yamekwisha. Mwanzoni mwa 2023 ikabainika kwamba waombaji walikuwa wakipewa kurasa zilizofutwa maneno kwa wino mweusi, na sababu iliyotajwa haikuwa katika orodha ya vizuizi zaidi ya 500. Iliitwa "kinga ya kibunge".

Chanzo chake ni kifungu cha 17 cha ibara ya pili ya katiba ya jimbo, kinachosema mbunge hawezi kushtakiwa kwa maneno aliyoyasema katika mjadala. Kinga hii ina nasaba ndefu; ilitokana na Sheria ya Haki za Binadamu ya Uingereza ya mwaka 1689, wakati wafalme walipokuwa wakiwatia ndani wabunge waliothubutu kuwakosoa. Katiba ya Kenya pia inayo, katika kifungu cha 117. Ni kinga yenye heshima. Swali ni kama ngao iliyofuliwa kumlinda mbunge dhidi ya jela ya mfalme inaweza kugeuzwa pazia la kumficha dhidi ya mpigakura aliyemtuma kazi.

Muungano wa raia wanaotetea uwazi katika jimbo hilo, unaojulikana kwa kifupi kama WashCOG, ulikwenda mahakamani Aprili 2023 pamoja na mwananchi mmoja. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba katika miaka 50 ya sheria hiyo, hakuna mbunge aliyewahi kudai kinga hii kwa rekodi hadi pale mahakama ilipowafungia mlango wa mbele. Jaji wa kaunti ya Thurston aliamua baadaye mwaka huo kwamba kinga ipo na inaweza kutumiwa kukataa kutoa rekodi, na walalamishi wakakata rufaa. Baadhi ya wabunge, kwa upande wao, walitangaza hawataidai tena kinga hiyo na wakatoa nakala zisizofutwa. Hiyo nayo ni hiari.

MAJIMBO MENGINE

Washington si peke yake, na wala si ya mwisho darasani. Mwaka 2016 shirika la Associated Press liliwaandikia viongozi wa mabunge ya majimbo yote 50 likiwaomba kalenda na baruapepe zao za kikazi. Waliokataa walikuwa wengi kuliko waliotoa.

Mfano mbaya ulitoka juu. Sheria ya kitaifa ya uhuru wa habari, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson Julai 4, 1966, inahusu idara za serikali kuu na imeliacha nje Bunge la kitaifa lililoitunga. California nayo ilipitisha sheria ya rekodi mwaka 1968, Bunge likajitenga, kisha mwaka 1975 likajitungia sheria yake nyepesi. Ilibidi magazeti yaende kortini mwaka 2015 ili kupata kalenda za maseneta wawili waliokuwa tayari wameshtakiwa kwa ufisadi.

Huko Massachusetts, sheria ya rekodi haiwagusi wabunge hata kidogo. Mwaka 2024 wapigakura, kwa takriban asilimia 72, waliidhinisha mkaguzi wa hesabu wa jimbo, Diana DiZoglio, alikague Bunge. Viongozi wa Bunge walipinga wakisema hatua hiyo inavunja mgawanyo wa madaraka uliomo katika katiba. Inashangaza jinsi asilimia za 1972 na za 2024 zinavyokaribiana, ijapokuwa majimbo hayo yako pembe mbili za nchi.

Wisconsin ina kichekesho chake. Wabunge wake wanalazimika kutoa rekodi zikiitishwa, lakini tofauti na maafisa wengine hawalazimiki kuzihifadhi. Mbunge anaweza kufuta baruapepe kila jioni na asubuhi akajibu, bila kudanganya, kwamba hana kitu. North Carolina ilifika mbali zaidi mwaka 2023: kifungu kilichopenyezwa ndani ya bajeti kilimpa kila mbunge uwezo wa kuamua mwenyewe ni rekodi zipi za ofisi yake ni za umma, na zipi zitunzwe, ziharibiwe au ziuzwe.

Kwa upande mwingine, Florida iliweka haki hii katika katiba yake mwaka 1992, kwa kura ya raia, na ikawataja wabunge kwa jina ili pasiwe na ubishi. Tofauti kati ya majimbo haya haitokani na tabia njema au mbaya za wanasiasa wao. Inatokana na nani aliandika kifungu, na kama alikumbuka kumtaja mbunge.

UPANDE WA KENYA

Kenya iliingia katika njia hii kwa kuchelewa, ikitoka katika mazoea ya Sheria ya Siri za Serikali, ambapo karani alifundishwa kwamba jalada ni siri mpaka mkubwa aseme vingine. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iligeuza utaratibu huo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na Serikali. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi, na kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti 47 yafanye vivyo hivyo.

Sheria ya utekelezaji, iliyotokana na mswada wa mbunge Priscilla Nyokabi, ilitiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta Agosti 31, 2016. Tofauti na ile ya Marekani, haikuanza kwa kuliacha Bunge nje. Inahusu ofisi zote za umma, na mkuu wa kila taasisi ndiye afisa wa kutoa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo.

Taasisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa ndani ya saa 48. Mwombaji halazimiki kueleza sababu, na hatozwi ada ya kuomba. Anachoweza kudaiwa ni gharama ya kunakili. Vizuizi vipo, vikiwemo usalama wa taifa na faragha ya mtu.

Kinachokosekana ni matumizi. Wananchi wengi wamezoea kufuatilia vikao vya Bunge kwenye televisheni, vilivyoanza kupeperushwa moja kwa moja mwaka 2008, na husoma taarifa za mijadala zinapotolewa. Lakini vikao ni kile kile kinachoonekana Olympia: kura na hotuba. Stakabadhi za safari za kamati, barua zilizopokelewa kabla ya mswada kurekebishwa, na orodha ya waliofika mbele ya kamati ya kaunti kuhusu zabuni fulani hazipatikani kwa kuketi mbele ya runinga. Ni lazima mtu aziombe kwa maandishi.

Ombi hilo, kwa mujibu wa kifungu cha nane cha sheria, linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kulitoa kwa mdomo na afisa analazimika kumwandikia na kumpa nakala. Akikataliwa, au siku 21 zikipita kimya, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki na Utawala, ambayo ina mamlaka ya kuagiza habari itolewe.